Marehemu Aliyebeba Chupa ya Chai

Cherotich, mtoto mwenye kichwa kigumu kuliko jiwe la kusagia wimbi,

Mimi ni mzima wa afya, kama ulivyowaeleza wazee wa kamati bila mtu kukusukuma. Ukisoma barua hii utakuwa umeshafika Eldoret na sitakuwepo kukunyamazisha, kwa hiyo nakuomba kitu kimoja kabla ya vingine vyote: ngoja uulizwe swali, ndipo ujibu, na ukijibu, jibu lile uliloulizwa tu.

Sasa ni alasiri. Mvua ya mawe imetufukuza shambani kabla vikapu havijafika nusu, na chai yote ya upande wa mto imechanwachanwa kama sukuma wiki. Wewe umeenda Sotik kununua kufuli ya sanduku. Umeondoka asubuhi. Ni kufuli gani hiyo ya kununuliwa siku nzima? Najua utarudi na kufuli na kitabu cha mitumba, dawa ya meno utakuwa umeisahau, na mimi nitagomba. Halafu kesho utaondoka na nitakosa wa kumgombeza. Ndiyo maana naandika sasa, hasira ikiwa bado inanisaidia.

Sitakuandikia habari ya sweta, wala ya kula vizuri, wala ya kwenda kanisani. Ya wavulana umeambiwa na bibi yako, Kogo, mpaka mimi mwenyewe nikaona haya nikatoka jikoni. Hayo yote unayajua, na usiyoyajua utayajua kwa kuumia kama sisi wengine.

Jambo lenyewe ni hili. Kesho unaenda chuo kikuu kusomea uuguzi, na huna kitambulisho. Bila kitambulisho hakuna mkopo wa serikali, na hata laini ya simu unayotumia ni ya Kogo. Yule mama wa ofisi ya wanafunzi alitueleza vizuri tulipoenda kuuliza, na sina ugomvi naye. Utaingia darasani, alisema, utavaa sare, utafunga watu vidonda wodini, lakini siku ya kuandikishwa kwa mtihani wa leseni watataka namba ya kitambulisho, na asiye nayo hafanyi. Yaani usome miaka yote hiyo kwa mchango wa kanisa na majirani, halafu urudi hapa kuchuma chai na mimi, ukijua majina ya mifupa yote ya mgongo unaokuuma.

Na ungekuwa nacho leo! Hilo ndilo linalonichoma. Ungekuwa nacho leo.

Lakini ngoja nianze mbali, maana hadithi hii umeisikia vipande vipande tu, kila kipande nikiwa nimekasirishwa na kitu kingine.

Babu yako Karoli alikuja huku kutoka Burundi akiwa kijana, akiwafuata wenzake waliosema Kericho kuna chai isiyoisha. Hawakumdanganya, haiishi. Kampuni ilimpa kadi ya kazi yenye namba, chumba kimoja katika kempu ya wachumaji, blanketi na kikapu. Hakutaka kingine. Nilipokuwa mdogo nikimwuliza, “Baba, sisi ni watu wa wapi?” alikuwa akigonga ile kadi mfukoni na kusema, “Sisi ni watu wa kampuni.” Na ungemlaumu kwa lipi? Shule ilikuwa ya kampuni, zahanati ya kampuni, maji ya kampuni, na Jumapili tulishangilia mpira kati ya kempu yetu na kempu ya juu kana kwamba ni nchi mbili zinacheza. Mle nilizaliwa, mle nilibatizwa, mle niliolewa na babako, ambaye naye alikuwa mtoto wa mchumaji kutoka Burundi mwenye kadi kama hiyo. Tulidhani kempu ndiyo nchi. Sijui watu wengine duniani wanaoweza kukosea namna hiyo isipokuwa sisi tuliozaliwa katikati ya chai, tukitazama huku na huku na kuona kijani tu.

Nilipofika umri wa kitambulisho, watu wa usajili walikuja mpaka uwanja wa kempu. Wenzangu walipanga foleni na nguo zao za Jumapili. Babu yako aliniita kando. “Wakikuuliza ukoo wako utasema nini? Utatuletea maneno. Nenda ukachume upande wa juu.” Nikaenda. Wewe unajua chai inafika kiunoni tu, kwa hiyo anayetaka kujificha lazima achuchumae. Nilichuchumaa mle mpaka magoti yakafa ganzi, nikiwasikia wasichana wa rika langu wakicheka uwanjani kwa sababu vidole vyao vimepakwa wino. Mpaka leo nikichuchumaa kung'oa magugu nakumbuka kile kicheko, na nachukia, maana hakuna aliyekuwa akinitafuta. Hakuna aliyekuja na mbwa. Nilijificha kutoka kwa watu ambao hata hawakujua niko.

Na mtu akishazoea kujificha anakuwa fundi. Ulipozaliwa, nesi aliniuliza jina langu la kuandika kwenye karatasi yako. Alikuwa anaitwa Chebet na alionekana hana shida yoyote duniani, basi nikamwambia, “Naitwa Rose Chebet.” Rose nilichagua kwa sababu nalipenda tu. Ndiyo maana cheti chako cha kuzaliwa kinasema mamako ni Rose Chebet, mwanamke ambaye hajawahi kula wala kulala. Jina lako wewe halikuwa uongo. Ulizaliwa jioni ng'ombe wakirudi nyumbani, na majirani wote wakasema huyo ni Cherotich, wakaanza kukuita hivyo kabla sijafungua mdomo. Tangu siku hiyo nami nikawa Mama Cherotich, na mtu akiitwa mama fulani huku kwetu hakuna anayeuliza tena jina lingine. Nilifurahi sana! Nililala ndani ya jina lako kama mtu aliyepata blanketi la pili.

Babako alikufa kwa kifua ukiwa bado hujui kutembea. Halafu mashine za kuchuma chai zikaja, kempu ikapunguza watu, na asiye na kazi hana chumba. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ile nchi yangu ilikuwa na geti, na geti lina askari, na askari niliyemjua tangu utotoni aliniambia, “Mama Cherotich, pole, lakini vitu vyako vitoke leo.” Tulipokelewa na Mzee Arap Tonui huku Kaplong. Zamani alikuwa karani wa mizani kempu kwetu, alinijua nikibebwa mgongoni. Alitupa chumba hiki, mimi nikawa nachuma chai yake na kukamua ng'ombe wake, na mkewe akawa Kogo wako kabla hujajua kusema bibi. Kwa hiyo ukisema hatuna watu, hapo utakuwa umetukana. Watu tunao. Tulichokosa ni karatasi.

Sasa njoo kwenye ile kamati ya wazee wanaoamua nani aandikiwe kitambulisho, maana hapo ndipo presha yangu ilipo.

Arap Tonui ndiye aliyefikiria ule mpango, na mpango ulikuwa mzuri. Alituita jikoni kwa Kogo akaueleza kwa vidole: “Hii ni rahisi. Huyu ni msichana ya Rose. Rose ni ya ndugu yangu. Ndugu yangu alikufa, Rose naye alikufa, mimi nikalea mtoto. Kwisha. Nani ataenda kuuliza wafu?” Tulifanya mazoezi jioni ngapi! Yeye alishika fimbo akawa mwenyekiti, wewe ukasimama hapo karibu na kuni. Ukoo? Ukajibu. Mnyama wa ukoo? Ndovu. Babu alikuwa wa rika gani? Ukajibu vizuri kuliko wajukuu zake mwenyewe. Mama? Na hapo kila mara sauti yako ilikuwa inashuka: “Alikufa.” Na kila mara Kogo alikuwa anaacha mwiko ndani ya sufuria na kutoka nje, akisema, “Hiyo maneno ya kusema mtu mzima amekufa sitaki kwa jiko yangu.” Ningemsikiliza huyo mama, tungeokoa mengi.

Mimi sikujali. Nilikuambia, sema nimekufa, hainiumi. Niue hata mara kumi, mradi upate kitambulisho. Sema nilikufa kwa malaria, sema niliangukiwa na mti, sema chochote. Neno haliui.

Siku yenyewe Arap Tonui aliniambia kwa Kiswahili kilichonyooka: “Wewe ubaki nyumbani. Maiti haiendi kwa chifu.” Na nilikusudia kubaki, Mungu anajua. Lakini wewe uliondoka bila kunywa chai! Nilitazama kikombe chako kimejaa, kimeganda utando juu, nikafikiria unasimama mbele ya wazee tumbo tupu. Nikachukua chupa, nikafunga mahindi ya kuchemsha kwenye karatasi, nikavaa kitambaa changu cha kijani, nikaja. Nikakaa kwenye nyasi mkabala na ofisi, pembeni, nikijiambia kwamba nimejificha vizuri. Nilisahau kwamba mlango huwa wanauacha wazi kwa sababu ya mwanga. Kwa hiyo kosa la kwanza siku ile lilikuwa langu, nakubali, na usinikumbushe tena.

Nilisikia kila kitu, kuanzia Arap Tonui akiwaambia kwamba Rose ni marehemu. Ulijibu ukoo, ulijibu ndovu, ulijibu rika. Mwenyekiti, yule mzee wa kofia ya sufu, alikuwa tayari anatabasamu. Halafu akauliza, “Na mama yako iko wapi?”

Nikaona shingo yako inageuka. Ukaangalia nje, macho yetu yakakutana, na mimi nikatikisa kichwa mpaka kitambaa kikasogea. Kutikisa kichwa kwangu kulimaanisha sipo! Mtoto yeyote angeelewa. Ukaninyoshea kidole, ukasema, “Ako pale nje. Ni huyo ako na chupa.”

Wazee wote wakageuka. Nilikuwa nimeshamimina chai yako kwenye kikombe, iko mkononi inatoa mvuke.

“Mama,” mwenyekiti akaniita, “wewe ndio marehemu?”

Nikasema, “Ndiyo.”

Sijui ni nini kilinifanya niseme ndiyo. Chifu aliinamisha uso kwenye meza yake, mabega yakawa yanatikisika. Mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa. Arap Tonui alitazama dari ya ofisi kana kwamba anahesabu misumari. Na wewe, badala ya kuniacha nife kwa aibu peke yangu, ukaendelea, maneno yakitoka kama maharagwe kwenye gunia lililotoboka: “Anaitwa Konsolata Nahimana. Alizaliwa kempu. Babake alitoka Burundi. Mimi ni mtoto wake, na siwezi sema amekufa na mnamuona.”

Konsolata Nahimana. Nilikuwa sijasikia jina hilo likisemwa kwa sauti tangu babu yako azikwe. Ulilisema mbele ya chifu, mbele ya kamati, mlango ukiwa wazi.

Mwenyekiti hakukufukuza. Alivua kofia, akajikuna, akasema, “Msichana, ulikuwa umejibu yote vizuri mpaka hapo.” Halafu akanitazama mimi. “Huyu mama akuje yeye mwenyewe, siku ya kamati, na mashahidi. Aseme yeye ni nani na alizaliwa wapi. Hapo ndio tutaanza. Kuanza na mtoto ni kuanza na matawi.” Akaita anayefuata.

Nilikugombeza kutoka kwa chifu mpaka mlangoni kwetu. Watu walitoka madukani kusikiliza. Nilikuambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikakuambia umetuvua nguo sote, umemwaibisha mzee wa watu aliyetupa nyumba. Tulipofika tu ndipo ukasema, “Mum, ulikuwa unaniangalia. Na ulikuwa umeniletea chai. Ningesemaje?” Ukaingia ndani ukaosha kikombe.

Sasa nikuambie kitu kinachonikera zaidi ya vyote. Ni mimi niliyekufanya hivyo. Unakumbuka sukari ya Kogo, ulipokuwa darasa la tatu? Ulisema ni mchwa waliokula. Nilikuchapa, nikakupeleka kwa mkono ukamwombe msamaha, nikakuambia katika nyumba hii hatusemi uongo. Katika nyumba hii! Nyumba ya Rose Chebet! Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nami nilidhani methali hiyo ni ya kuwatisha wazazi wavivu.

Tangu siku ile Arap Tonui hakusalimii, na kila jioni wewe na mimi tunagombana juu ya jambo lile lile. Unasema, “Mum, enda tu useme jina yako.” Tu! Kama mtu anayesema enda tu ulete maji. Mimi nasema siendi, na nageuza maneno, nasema ng'ombe hajakamuliwa. Umechoka kuniuliza, nimeona. Juzi hukuniuliza kabisa, na hilo liliniudhi kuliko ulipokuwa unaniuliza.

Basi nakujibu hapa, ambapo huwezi kunikatiza. Siendi kwa sababu naogopa. Naogopa wataniuliza Rose Chebet ni nani na nani aliwaandikia uongo kwenye cheti cha serikali. Naogopa wataniambia nirudi Burundi, nchi ambayo hata sijui mtu anaiingilia upande gani. Naogopa wanawake ninaochuma nao, ambao wananiita Mama Cherotich na kuniazima sindano, watanitazama kwa jicho jingine. Mimi mama mzima, nimezaa, nimezika mume na baba, na naogopa wazee wachache waliokaa kwenye viti vya plastiki. Unicheke ukitaka, lakini uchekee huko huko.

Maana kujificha kuna gharama ambayo hakuna aliyeniambia. Siku moja sokoni Kaplong, kabla hujaanza shule, wanawake walikuwa wanawacheka watu wa kuja, wanavyosema, wanavyopika. Nilicheka nao. Nilicheka kwa sauti kuwashinda wote, ili asiwepo wa kunigeukia. Nikarudi nyumbani nikashindwa kula, na hakuna aliyenifanyia chochote. Huko hosteli utakutana na kicheko kama hicho, na kitakuwa na nafasi ya mtu mmoja zaidi. Utafanya unavyoona. Mimi nakuambia tu mahali nilipoukalia mwiba, usiseme sikukuonyesha.

Na lingine, hili sikuwahi kukusimulia, na nimelibeba peke yangu vya kutosha. Babu yako katika siku zake za mwisho Kiswahili kilimtoka, Kipsigis kikamtoka, akabaki na Kirundi peke yake. Na mimi Kirundi nilikuwa nimekikataa tangu utotoni, nikiziba masikio akinisemesha nje watu wakisikia. Nilijua sala moja na wimbo wa kubembeleza mtoto. Aliongea sana, Cherotich. Alinishika mkono akaongea kama mtu anayetoa maagizo, na mimi nilikaa pale nikiitikia, “Ndiyo, Baba. Ndiyo, Baba,” bila kujua nakubali nini. Mpaka leo sijui. Labda alisema nenda ukajiandikishe, mtoto mjinga wewe. Labda alisema nimgeuze upande wa pili.

Nalia hapa kama mtoto na karatasi inalowa, na yote hii ni kwa sababu ya kufuli. Ungekuwa umerudi nisingefika huku.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini mvua ikiwa bado inapiga mabati, mtu amebisha mlango, na alikuwa Arap Tonui, amejifunika gunia, mawe yakimdondoka begani, kibuyu cha mursik mkononi. Hakukaa. Alikiweka kibuyu mezani, karibu juu ya barua hii, nikaiondoa haraka.

“Hii ni ya yule msichana yako ya kichwa ngumu,” akasema. “Akunywe kabla atoke. Mtu hawezi kwenda safari kubwa hivyo bila maziwa ya nyumbani.”

Nikamwambia, “Mzee, nilidhani umemkasirikia.”

“Nimekasirika sana. Amefanya wazee wenzangu wananiita shahidi wa wafu. Hata kanisani.” Akatikisa gunia, maji yakaruka kila mahali kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki. “Lakini nimelala nikafikiria. Hata mimi mama yangu angekuwa amekaa pale na chai, singesema amekufa.”

Nikachukua kitambaa nikaanza kupangusa maji.

“Jumanne kamati inakaa,” akaendelea. “Mimi nitakuja na wewe. Nilikuwa kwa mizani, niliona Karoli akikuleta kwa mgongo ukiwa hujaota meno. Hiyo naijua, hakuna mtu atanifundisha jikoni. Mama ya kanisa pia atakuja, ule alikushika ukibatizwa. Ile mambo ya Rose tutasema vile ilikuwa. Wakituma mbele, watume. Wakikataa, tutarudi tena.” Akafika mlangoni akageuka. “Na hiyo siku, tafadhali, usibebe chupa.”

“Nitaibeba,” nikamwambia. “Tutangoja foleni siku nzima, utakunywa nini?”

Akaguna, akajifunika gunia lake akaenda. Na mimi nimekaa hapa nikimkasirikia yeye pia, maana sasa nimebaki bila sababu. Nilikuwa na sababu nzuri kabisa ya kutokwenda, nilikuwa nasema nitamwaibisha mzee mara ya pili. Ameichukua akatoka nayo kwenye mvua.

Kwa hiyo nitaenda Jumanne. Usinipigie simu Jumatatu kuniuliza kama naenda, maana nikiulizwa nitageuza maneno. Sikuahidi kitakachotoka. Labda watasema ndiyo, labda itapelekwa ofisi kubwa na kukaa huko mpaka umalize chuo, labda nitarudi na aibu tu na chupa tupu. Wewe soma. Jifunze hiyo mifupa. Mimi acha nishughulike na wazee, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu tangu mwanzo na nilitaka uifanye wewe kwa kuniua. Nisamehe hilo. Ni neno baya kuomba mtoto aliseme, na Kogo alijua.

Na ujue kwamba ulipogeuka pale ofisini ukanionyesha kwa kidole, kabla hasira haijanijia, kulikuwa na nafasi ndogo sana, labda ya kupumua mara moja, ambapo nilifurahi. Hakuna mtu aliyewahi kunionyesha hivyo mbele za watu maishani mwangu. Nimekuwa na hasira nawe tangu hapo ili nisiseme hivyo.

Nasikia sauti yako kwa Kogo, umerudi. Unamweleza jinsi kufuli zilivyopanda bei. Dawa ya meno sijasikia ikitajwa. Naikunja hii niifiche chini ya blanketi kwenye sanduku, kisha nitoke nikugombeze kama kawaida, na kesho asubuhi utakunywa mursik yote, usiache hata tone.

Jumanne mwenyekiti akiuliza mama ya Cherotich yuko wapi, nitakuwa nimeshasimama.

Mamako aliye hai,

Konsolata Nahimana